Kwa Nini Pembe Kubwa Huitwa Butu: Asili na Maana za Neno la Kilatini “Obtusus”

Mwanafunzi wa Tanzania anayemaliza darasa la saba katika shule ya serikali na kuingia kidato cha kwanza hukuta kwamba pembe alizozifahamu kwa miaka mingi zimebadilishwa majina. Lugha ya kufundishia hisabati imekuwa Kiingereza, na pembe kali, pembe mraba na pembe butu zimepata majina ambayo asili yake, yote au sehemu, ni Kilatini. Miongoni mwa majina hayo lipo moja linalomchanganya zaidi, nalo ni “obtuse”. Akilitafuta katika kamusi ataambiwa kwamba ni sifa ya pembe inayozidi nyuzi 90 bila kufika nyuzi 180. Papo hapo, mistari michache juu au chini, ataambiwa kwamba ni sifa ya mtu mzito wa kuelewa, kisha sifa ya jani lisilochongoka, kisha sifa ya maumivu yasiyochoma. Maana hizo hazionekani kuwa na undugu wowote, na wengi huzikariri kila moja peke yake.

Wako pia wanaodhani kwamba undugu upo na kwamba chanzo chake ni hisabati, yaani mtu asiyeelewa haraka alilinganishwa na pembe iliyopanuka kupita kiasi. Dhana hiyo imegeuza mambo. Pembe haikuwa chanzo cha maana hizo nyingine. Nayo, sawa na mtu mzito na jani la mviringo, ilipewa jina lililokuwa likitumika kwa zana yenye makali, zana iliyogongwa hadi makali yake yakasenea. Ukianzia kwenye zana, maana zote hujipanga zenyewe, na hata swali la kwa nini pembe iliyo kubwa zaidi ipewe sifa inayosikika kama upungufu hupata jibu lake.

Neno la Kilatini ni “obtusus”, nalo limetokana na kitenzi “obtundere”. Kitenzi hicho kina sehemu mbili: kiambishi “ob”, chenye maana ya kuelekea au dhidi ya, na kitenzi “tundere”, chenye maana ya kupiga, kugonga au kutwanga. Kwa hiyo “obtundere” ni kugonga kitu kwa kukikabili mpaka ncha au makali yake yapotee, na “obtusus” ni kilichokwisha kutendwa hivyo. Msomaji wa Kiswahili atambue kwamba neno hili katika Kilatini si kivumishi cha asili kama “kubwa” au “refu”. Ni umbo la kitenzi, lenye historia ndani yake, kama tunavyosema kitu “kilichopondwa” au “kilichovunjika”. Mrumi aliyesikia “obtusus” alisikia kwamba kitu hicho hapo awali kilikuwa na ncha na kwamba ncha hiyo imeondolewa kwa mapigo. “Tundere” hiyohiyo, ikitanguliwa na kiambishi kingine, ilizaa “contundere”, ambayo ndiyo asili ya neno wanalolitumia madaktari kwa jeraha la kupondeka lisilopasua ngozi.

Mwenzake, “acutus”, ambaye kwa pembe ni pembe kali, ameundwa kwa njia hiyohiyo lakini kwa kwenda upande wa pili. Anatokana na “acuere”, yaani kunoa. “Acus” ni sindano, “aculeus” ni mwiba wa nyuki, “acies” ni makali ya upanga na pia ukali wa jicho katika kuona, na “acetum” ni siki, kwa sababu uchachu nao ulihesabiwa kuwa aina ya ukali wa kuchoma. “Angulus acutus” ni pembe iliyonolewa, na “angulus obtusus” ni pembe iliyogongwa. Majina yote mawili ni ya fundi wa visu kabla hayajawa ya mwalimu wa jometri.

Jambo hili linathibitika vizuri katika shairi refu la Lucretius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 KK, aliyeandika kuhusu maumbile ya vitu vyote. Katika kitabu cha nne cha shairi hilo, anapoeleza jinsi macho yanavyodanganyika, anasema kwamba minara ya mji yenye pande nne, ikitazamwa kutoka mbali, mara nyingi huonekana ya mviringo, kwa sababu kila “angulus” huonekana “obtusus” kutoka mbali, au hata hauonekani kabisa. Tuangalie kwa makini alichokisema. Mnara wenye pande nne una pembe mraba, na hakuna hata moja kati ya hizo inayozidi nyuzi 90. Kwa mwanahisabati wa leo, kuziita “obtusus” ni kosa. Lakini Lucretius hakuwa akipima ukubwa wa pembe. Alikuwa akisema kwamba kona iliyokuwa na ncha dhahiri imefifia. Na maelezo yake ya sababu yanavutia zaidi, kwa maana anasema kwamba taswira za vitu husafiri katika hewa nyingi kabla ya kufika kwenye jicho, na hewa hiyo huzigongagonga mara kwa mara hadi zikapoteza makali. Hapo neno limerudi nyumbani kwake kabisa: kuna mapigo, kuna ncha, na kuna ncha iliyosenea kwa sababu ya mapigo.

Virgil, aliyekuja baada ya Lucretius na kufariki mwaka 19 KK, alilitumia neno hilo kwa namna itakayomfurahisha msomaji wa Kiswahili kuliko msomaji wa lugha yoyote ya Ulaya. Katika shairi lake la kilimo anawafundisha wakulima kutabiri hali ya hewa kwa kutazama mwezi mchanga. Ikiwa siku ya nne tangu kuandama mwezi unapita angani ukiwa safi, na pembe zake si butu, basi siku hiyo na zinazoifuata hadi mwisho wa mwezi hazitakuwa na mvua wala upepo. Maneno yake kwa pembe za mwezi ni “obtunsis cornibus”, ambapo “obtunsus” ni tahajia nyingine ya neno letu, na “cornu” ni pembe ya mnyama. Kiswahili kinatumia “pembe” kwa ng’ombe, kwa mwezi, kwa kona ya nyumba na kwa jometri, kwa hiyo tafsiri ya maneno ya Virgil ni “pembe butu” bila kuongeza wala kupunguza, ingawa yeye hakuwa na nia yoyote ya kuzungumzia hisabati. Katika shairi hilohilo anasema pia juu ya nyota ambazo makali yake hayaonekani kusenea, akitumia neno hilo tena kwa nuru.

Mfano wake wa tatu ndio unaotupeleka kwenye akili na moyo. Katika utenzi wake mkuu, watu wa Troya waliopotea baharini wanafika Carthage, mji uliokuwa pwani ya Afrika ya Kaskazini katika eneo ambalo leo ni Tunisia, nao wanaogopa kupokewa vibaya. Malkia Dido anawatuliza kwa kusema kwamba Wapuni, yaani watu wa Carthage, hawana vifua “obtusa” kiasi hicho, yaani wao si watu wazito wasiohisi wala kusikia habari za ulimwengu. Hapa kifua, ambacho kwa Warumi kilikuwa makao ya hisia na fahamu, kimepewa sifa ya kisu kisichokata. Hivyo basi, takribani miaka elfu mbili iliyopita, maana ya uzito wa akili na hisia ilikuwa imekwisha kukomaa, na ilikuwa imetokana na zana moja kwa moja bila kupitia jometri.

Pamoja na hayo, Warumi hawakubuni wazo la kuziita pembe kali na butu. Walilirithi kutoka kwa Wagiriki. Euclid, aliyefundisha Alexandria karibu na mwaka 300 KK, ameweka katika mwanzo wa kitabu chake cha kwanza fasili tatu zinazofuatana. Ya kumi inaeleza pembe mraba: mstari ukisimama juu ya mstari mwingine na kufanya pembe mbili za jirani zilizo sawa, kila moja kati ya hizo ni pembe mraba. Ya kumi na moja inasema kwamba pembe butu ni ile inayozidi pembe mraba, na ya kumi na mbili inasema kwamba pembe kali ni ile iliyo ndogo kuliko pembe mraba. Hakuna nyuzi katika fasili hizo, kwa sababu Euclid hakupima pembe kwa nyuzi. Kipimo chake pekee ni pembe mraba yenyewe. Wala hakuhitaji kusema kwamba pembe butu isifike nyuzi 180, kwani kwake yeye pembe ni mwinamo wa mistari miwili isiyolala katika mstari mmoja ulionyooka, na mistari ikishanyooka hakuna pembe tena. Mpaka wa juu tunaoukariri leo darasani umeongezwa na vizazi vilivyokubali kuziita pembe hata zile zinazojigeuza na kurudi nyuma.

Maneno yake ya Kigiriki ni “oxys” kwa kali na “amblys” kwa butu. “Oxys” ni neno pana sana, na upana wake unakaribia ule wa “kali” katika Kiswahili: kisu ni kikali, siki ni kali, jua ni kali, maumivu ni makali, na Mgiriki angeyasema karibu yote hayo kwa “oxys”. Kutokana na maana yake ya uchachu, mwanakemia Mfaransa Lavoisier alilitumia katika karne ya 18 kuunda jina la gesi aliyodhani kuwa ndiyo inayozaa asidi zote, na kwa njia hiyo jina la pembe kali la Euclid limo ndani ya neno letu “oksijeni”. “Amblys” nalo ni butu, dhaifu, lisilo na makali, na limebaki katika jina la kitaalamu la uoni hafifu wa jicho moja, kasoro ambayo huanza utotoni. Wagiriki walikwenda mbali zaidi na jozi hii: kabla ya mwanahisabati Apollonius wa Perga kubuni majina tunayoyatumia leo, mikunjo mitatu inayopatikana kwa kukata umbo la pia, yaani koni, iliitwa kwa kufuata pembe iliyo kwenye kilele cha pia hiyo, kali, mraba au butu, na ndivyo Archimedes anavyoitaja.

Sasa tunaweza kulijibu lile swali la ukubwa. Ukiwa na pembe ya nyuzi 30 na nyingine ya nyuzi 150, ya pili ni kubwa mara tano, na inashangaza kwamba ndiyo inayoitwa kwa jina la kupungukiwa. Mshangao huo hutokea kwa sababu leo tunafundishwa kuitazama pembe kwa ndani, katika nafasi iliyopo kati ya mikono yake miwili, na kuipima nafasi hiyo kwa kipimapembe. Mgiriki aliyeitoa sifa ya “amblys” aliitazama pembe kwa nje, kwenye kipeo, mahali panapoweza kuchoma. Chonga kipande cha mti kwa pembe ya nyuzi 30 na kitaingia ardhini. Chonga kwa nyuzi 150 na hakitaingia popote. Kadiri nafasi ya ndani inavyoongezeka, ndivyo ncha ya nje inavyopungua nguvu. Jina halisemi kitu kuhusu ukubwa. Linasema jinsi ncha inavyojisikia ikiguswa.

Kwamba huku ni kuchagua upande wa kutazama, na kwamba upande mwingine ungewezekana, kunadhihirishwa na Waarabu. Kitabu cha Euclid kilitafsiriwa kwa Kiarabu kati ya mwisho wa karne ya 8 na karne ya 9, kwanza na al-Hajjaj ibn Yusuf ibn Matar na baadaye na Ishaq ibn Hunayn, ambaye kazi yake ilisahihishwa na Thabit ibn Qurra. Katika Kiarabu pembe huitwa “zawiya”, yaani kona. Pembe kali ni “hadda”, yenye makali, na hapo Kiarabu kinaenda sambamba na Kigiriki. Lakini pembe butu si butu hata kidogo. Inaitwa “munfarija”, iliyofunguka, iliyoachana. Pembe mraba ni “qaima”, iliyosimama. Katika majina haya matatu mtazamaji anahamahama: kwa pembe kali yuko kwenye ncha, kwa pembe mraba anautazama mstari unavyosimama juu ya mwenzake, na kwa pembe butu ameingia ndani na kuitazama nafasi iliyo kati ya mikono.

Sisi wa Kiswahili tuna jamaa wa majina hayo yote nyumbani, ingawa hatukuyachukua katika jometri. Mzizi wa “hadda” ndio mzizi wa “hadd”, yaani ukingo au mpaka, ambao umetupatia “hadi”. Mzizi wa “qaima” umetupatia “kaimu”, yule anayesimama mahali pa mwingine. Na mzizi wa “munfarija”, wenye maana ya kufunguka kwa kilichobana, umetupatia “faraja”. Hata “zawiya” yenyewe inajulikana pwani kama “zawia”, mahali pa ibada na mafunzo pa watu wa tarika, na asili yake ni kona ya msikiti. Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba Kiswahili, ambacho kimechukua kutoka Kiarabu maneno kama “mraba” na “mstatili” pamoja na “robo” iliyo ndugu wa “mraba”, kwa pembe hizi mbili kinatumia “kali” na “butu”, maneno ambayo picha yake ni ya Euclid na ya Warumi, si ya Baghdad. Mtoto wa darasa la nne anayesema “pembe butu” anaitazama pembe kutoka upande uleule aliotazama Euclid.

Tukirudi kwenye Kilatini, “obtusus” haikushinda bila ushindani. Wapima ardhi wa Kirumi, ambao ndio waliokuwa na shughuli ya kila siku na pembe, waliita pembe ya aina hiyo “hebes”, neno jingine lenye maana ya butu na pia ya mtu mzito. Hilo tu linatosha kuonyesha kwamba Warumi walikuwa wakitafsiri wazo, na neno lolote la ubutu lingefaa. Neno “obtusus” lilitiwa nguvu zaidi katika karne ya 12, wakati wasomi wa Ulaya Magharibi, waliokuwa wamempoteza Euclid kwa karne nyingi isipokuwa vipande vichache, walipompata tena kwa Kiarabu. Adelard wa Bath alikuwa miongoni mwa wa kwanza kumtafsiri kwa Kilatini kutoka Kiarabu. Katika karne ya 13 Campanus wa Novara alitayarisha toleo lililoenea zaidi, na toleo hilo ndilo lililopigwa chapa Venice mwaka 1482 na Erhard Ratdolt, likiwa chapa ya kwanza ya kitabu cha Euclid. Humo pembe inayozidi pembe mraba imeandikwa kuwa “obtusus dicitur”, yaani huitwa “obtusus”. Kwa hiyo safari ilianza kwa Kigiriki chenye “butu”, ikapita kwa Kiarabu chenye “iliyofunguka”, na ikaishia kwa Kilatini chenye “iliyogongwa”, kana kwamba ule mtazamo wa ndani haukuwahi kuwapo.

Kutoka hapo lugha za Ulaya ziligawanyika katika makundi mawili. Kijerumani na Kiholanzi zilifanya kama Kiswahili: zilichukua maneno yao ya kila siku ya kisu kisichokata na kuyaweka kwenye pembe, na mtoto wa Kijerumani anayesikia “stumpf” darasani analijua tayari kutoka jikoni. Kifaransa, Kihispania na Kiitaliano zililihifadhi neno la Kilatini, kwani zenyewe ni watoto wa Kilatini. Kiingereza kilikuwa na nafasi ya kufuata njia yoyote. Robert Recorde, mwanahisabati mzaliwa wa Wales, alichapisha mwaka 1551 kitabu cha jometri kwa ajili ya watu wasiojua Kilatini, na humo alijaribu kuzitaja pembe kwa maneno ya Kiingereza cha nyumbani, yenye maana ya kali na butu. Jaribio hilo halikudumu. Henry Billingsley alipotoa tafsiri kamili ya kwanza ya Euclid kwa Kiingereza mwaka 1570, alitumia “obtuse” na “acute”, na ndiyo yaliyoshika hadi leo. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa hasara, kwa kuwa wanafunzi wa Kiingereza tangu wakati huo, pamoja na wanafunzi wote wa Afrika waliorithi vitabu vyao, wamelazimika kukariri neno ambalo lingejieleza lenyewe. Mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza anaacha jina linalojieleza na kupewa lisilojieleza.

Pembe mraba ina historia yake, nami nitaipitia kwa ufupi kwa sababu inahusu tatizo la aina nyingine. Kilatini huiita “angulus rectus”, na “rectus” ni umbo la kitenzi “regere”, kuongoza au kunyoosha. Ni kitu kilichonyooshwa, kilichosimamishwa wima, na Wagiriki nao walisema “orthe”, iliyosimama wima, sawasawa na “qaima” ya Kiarabu. Kiingereza kiliitafsiri kwa neno lake la asili lililo jamaa wa “rectus”, yaani “right”, ambalo leo linasikika zaidi kama “sahihi” au “kulia”, na hivyo wapo wanafunzi wanaojiuliza kama kuna pembe ya kushoto. Kiswahili kwa kusema “pembe mraba” kimeikwepa hatari hiyo kabisa.

Baada ya pembe, zibaki maana nyingine. Njia rahisi ya kuzitambua ni kuuliza kila mara: “butu” hapa inapingana na nini? “Acutus” ana wapinzani tofauti kwa kila uwanja, na “obtusus” ni mmoja tu kati yao. Katika sauti, Wagiriki waliita sauti ya juu “oxys” na sauti ya chini “barys”, yaani nzito, na Warumi wakatafsiri kwa “acutus” na “gravis”. Ndiyo maana alama ndogo zinazowekwa juu ya irabu katika maandishi ya Kifaransa zinaitwa kali na nzito, wala hakuna alama inayoitwa butu. Katika tiba, ugonjwa “acutus” ulipingana na ugonjwa mrefu. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK aliyeandika kuhusu tiba, anautaja mgawanyo huo kama jambo walilolipokea kutoka kwa Wagiriki. Kiswahili husema ugonjwa mkali na ugonjwa sugu, na “sugu” ni ile ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, picha ambayo si mbali na kitu kilichogongwa hadi kikapoteza hisia. Homa kali, “febris acuta”, ilipita kwa Kifaransa ikaingia Kiingereza kama “ague”, jina la zamani la homa za vipindi zenye kutetemesha, ambazo katika maeneo ya mabwawa ya Kent na Essex mara nyingi zilikuwa malaria.

“Obtusus” yenyewe imebaki hospitalini kwa njia nyingine: mgonjwa ambaye fahamu zake zimefifia, anayeitikia polepole na kurudi kusinzia, huelezwa na madaktari wa Kiingereza kwa umbo la kitenzi “obtundere”. Hapo maana ni ileile ya vifua vya Dido, lakini bila lawama. Katika mimea, mtaalamu wa mimea Linnaeus aliipa mimea kadhaa jina la pili “obtusifolius” au “obtusifolia”, yaani yenye majani butu. Mmoja wao ni “Senna obtusifolia”, alioutaja mwaka 1753 chini ya jenasi Cassia, ambao huota pia Afrika ya Mashariki, na mtu akiutazama ataona majani madogo yenye vichwa vya mviringo. Jambo la kuvutia ni kwamba wataalamu wa mimea wa zama hizi, katika kutaka usahihi zaidi, wameirudisha jometri ndani ya sifa hii: wanaita ncha ya jani kali ikiwa kingo zake zinakutana kwa chini ya nyuzi 90, na butu ikiwa ni zaidi ya hapo. Hapa, na labda hapa tu, maana ya pembe imerudi kuitawala maana ya ncha.

Upande wa akili, “acute” alipata bahati ambayo mwenzake hakuipata. Mtu mwerevu aliitwa “acute”, kisha katika karne ya 18 Waingereza wakalikata kichwa neno hilo na kubaki na “cute”, likiwa na maana ya mjanja. Baadaye likahamia kwa kitu kinachopendeza, hasa mtoto mdogo, na leo hakuna anayekumbuka sindano iliyo ndani yake. “Obtuse” imebaki palepale pa Virgil: mtu asiyepenyeka, ambaye ukimwambia jambo halimwingii. Mara nyingi ina kivuli cha lawama kwamba pengine anafanya makusudi.

Limebaki kosa moja ambalo limeenea hata miongoni mwa waandishi wazuri wa Kiingereza, nalo ni kutumia “obtuse” kwa maandishi au hoja ngumu kueleweka. Wanaofanya hivyo huwa wamelichanganya na “abstruse”, linalotokana na “abstrudere”, kusukuma mbali na kuficha. La kwanza linamhusu mtu ambaye ncha yake imekufa. La pili linahusu jambo lililofichwa mahali pasipofikika. Maandishi yanaweza kuwa “abstruse” na msomaji akawa “obtuse”, na mtu akizisema kinyume anakuwa amemlaumu mwandishi kwa udhaifu wa msomaji. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana na sentensi ya namna hiyo hana budi kuangalia kwanza mwandishi alikusudia nini, kisha achague kati ya “mzito wa kuelewa” na “gumu, lililofichika”. “Butu” aiache kwa pembe, majani na visu, kwani Kiswahili hakina desturi ya kumwita mtu butu. Akili yetu huwa nzito, si butu, na kwa hilo tumewafuata wale walioigawa sauti kuwa kali na nzito.